Mshipa Uliopanda Hadi Kwenye Figo

Gatitu, Jumatano, katikati ya Julai. Baridi ya kuuma masikio.

Mlima Kenya hatujauona tangu wiki iliyopita. Ukungu umeshuka mpaka kwenye nyaya za stima, na nguo zilizoanikwa Jumapili bado zinatoa maji ukizikamua. Nimekaa jikoni karibu na moto, simu mkononi. Mke wangu ameenda kuwachukua watoto kwa jirani na ameniambia nipumzike. Siwezi kupumzika. Kichwa kimejaa maswali, na ajabu ni kwamba mengi si ya woga. Nataka tu kujua.

Shajara, nina uvimbe tumboni. Nimeujua kwa wiki mbili na sijakuandikia hata neno, mimi ninayeandika hapa mpaka habari za ndama aliyekuja kinyumenyume.

Leo nimejua ni nini.

Wacha nianze na mashine, kwa sababu mambo ya mashine nayaweza. Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni daktari wa mifugo. Nazunguka mashamba ya hapa Gatitu na pembeni mwa Nyeri nikipima ng'ombe mimba, na mara nyingine napanda hadi Nanyuki na Doldol kunapokuwa na kazi ya mbuzi na kondoo. Nina mashine ndogo ya skani naibeba begani. Navaa glavu inayofika kwapani, mkono unaingia unapojua, na kwenye kioo naona giza na mwanga. Maji ni meusi. Mfupa ni mweupe. Nyama ni ya kijivu, na kila nyama ina kijivu chake. Mwanzoni yote ni ukungu kama huu wa leo. Ukikaa nayo miaka, unaanza kutofautisha ini na wengu bila kuambiwa.

Kwa hiyo nilipoanza kuumwa chini ya tumbo, upande wa kushoto, nilikuwa mgonjwa msumbufu. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Kwanza ilikuwa ule mtungi wa mbegu za fahali ninaobeba kwenye pikipiki. Halafu ikawa amiba. Halafu ikawa maharagwe ya mazishi fulani huko Tetu. Mke wangu alinisikiliza mpaka akachoka, akaniambia, "Wewe unajua ng'ombe. Enda uonwe na watu wa watu."

Watu wa watu tunao nyumbani. Binti wa kaka yangu, Wangari, anapiga skani kwenye kliniki moja pale Nyeri mjini. Ni hodari, na hataki mchezo kazini. Nilifurahi kwenda kwake, kwa sababu ni mtu wetu na kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona mashine yake, ambayo ni kubwa kuliko yangu na ina rangi.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na siwezi kulieleza bila kueleza jina.

Kwetu, msichana wa kwanza wa mwanaume hupewa jina la mama wa mwanaume huyo. Mama yetu ni Wangari, kwa hiyo binti wa kwanza wa kaka yangu ni Wangari. Tangu siku aliyozaliwa mimi humwita Maitu, yaani mama. Watu wa nje hudhani ni utani, na utani umo. Ana miaka ishirini na sita, mimi nina thelathini na minane, lakini yeye ndiye huniita kijana yangu na kuniuliza kama nimekula. Akija kwangu anapewa kiti kizuri. Nikichelewa kwenye sherehe ya familia ananitishia kiboko mbele ya watoto wangu. Lakini ndani ya utani huo kuna jambo ambalo si la kuchekwa. Yeye ni mama yangu. Na mbele ya mama, mwanaume aliyetahiriwa havui nguo, wala hataji vitu vya chini ya mshipi.

Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Nililijua tu.

Basi siku ile nililala kwenye kitanda chake, nikapandisha shati mpaka mbavuni, nikalegeza mshipi tundu moja, na mkono wangu ukabaki pale kwenye mshipi kama askari wa lango. Wangari akanipaka ile jeli, akaniambia pole ni baridi, akaanza kutembeza kifaa. Ini, sawa. Figo, sawa. Nilikuwa natazama kioo na yeye, nikimuuliza maswali mengi kuliko mgonjwa anavyoruhusiwa. Alifika chini, karibu na kibofu, akasimama. Akarudi. Akabonyeza kidogo.

Kulikuwa na kitu hapo. Cha mviringo, kikubwa kama kiazi cha kuchoma, kimekaa juu ya kibofu upande wa kushoto. Akawasha rangi na tukaona damu ikipita ndani yake, nyekundu na bluu.

Alianza kuniuliza. Nimewahi kupasuliwa? Hapana. Nimepungua uzito? Kidogo. Natokwa na jasho usiku? Hapana. Choo kinaendaje? Hilo la choo lilimtoa jasho yeye, na nilijibu nikiangalia dari. Aliuliza kila kitu ambacho binti anaweza kumuuliza baba mdogo, na vingine viwili vitatu ambavyo hawezi. Swali moja tu halikuulizwa.

Na mimi nilikuwa natazama kile kijivu.

Mimi hupima mafahali kabla hawajauzwa kwa ajili ya kupandisha. Korodani ya fahali kwenye skani ina kijivu chake, laini, cha namna moja, kama uji ulioiva vizuri usio na mabonge. Kile kitu kilikuwa na mabonge upande mmoja. Lakini upande mwingine, pembeni kabisa, kulikuwa na ukanda mwembamba wa kile kijivu laini.

Nilikiona. Nikanyamaza.

Kwa sababu kuna jambo nililolijua ambalo Wangari hakulijua, wala kaka yangu, wala daktari yeyote. Upande wangu wa kushoto, chini ya mshipi, hauna kitu. Haujawahi kuwa na kitu.

Nilipotahiriwa nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Tulipelekwa hospitali, kisha nikarudi kukaa kwenye kibanda changu nyuma ya nyumba nipone, chini ya mlezi, rafiki wa baba, mzee mcheshi ambaye sasa ni marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisafisha kidonda. Aliona siku ya kwanza. Akaniambia itashuka yenyewe, wengine huchelewa, na kwamba ya kibanda hubaki kibandani. Nilifarijika sana. Nilisubiri ishuke. Nikamaliza sekondari, nikaenda chuo, nikaoa. Watoto wawili wakaja bila shida yoyote, na nikafunga faili. Mke wangu anajua, bila shaka. Aliwahi kuniuliza mara moja, zamani, nikamwambia niko hivyo, na yeye akaona watoto wamekuja, basi.

"Unachekesha wewe," Shajara ingeniambia, kama ingekuwa na mdomo. Kwa sababu kazi yangu ni hii hii.

Mwezi wa nne nilikuwa Doldol nikichagua kondoo madume na mfanyabiashara mmoja wa Nanyuki, Adan, tunayefanya kazi pamoja tangu zamani. Kulikuwa na dume mzuri, mgongo umenyooka, meno safi. Nikampapasa, nikasema huyu hapana, ana moja. Adan akabisha. "Daktari, hiyo ingine iko, iko tu ndani." Nikamwambia iko ndani ndiyo, na hiyo ya ndani ndiyo mbaya, ni joto kupita kiasi huko, na pia anarithisha. Nilieleza vizuri sana. Watu walikusanyika kunisikiliza. Kabla ya hapo nilikuwa nimemfanyia operesheni mbwa wa mlinzi wa hoteli moja Nanyuki, nikitoa ile iliyojificha tumboni, na nikamwambia mwenye mbwa kwamba hizo zikiachwa huweza kugeuka kansa. Nilisema neno hilo, kansa, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Na nikapanda pikipiki nikarudi nyumbani na yangu tumboni.

Ninajiuliza leo akili inafanyaje hivyo. Si kwamba nilisahau. Si kwamba nilidanganya. Ni kama kulikuwa na vyumba viwili na mimi nilikuwa napita kutoka kimoja hadi kingine kila siku bila kuona mlango.

Tuendelee. Wangari alinituma nikapigwe picha za ile mashine kubwa ya mviringo, CT. Nyeri foleni ilikuwa ndefu, nikaenda Nanyuki. Sitasema uongo, nilifurahia. Unalala kwenye ubao, ubao unaingia kwenye duara, na kitu ndani ya duara kinazunguka kwa kasi huku sauti ya mwanaume ikikuambia vuta pumzi, shikilia, achia. Walinidunga dawa ya kung'arisha mishipa. Nilikuwa nimeonywa kwamba nitahisi joto. Nilichohisi ni kwamba nimejikojolea. Nililala pale nikifikiria jinsi nitakavyojitetea, mtu mzima na heshima zangu, mpaka nikashuka na kukuta suruali ni kavu kabisa. Kijana wa mashine akacheka, akasema kila mtu hufikiria hivyo, hata wale wanajeshi wazungu wa kambi ya hapa Nanyuki.

Picha zilianzia kifuani zikaishia kwenye mifupa ya nyonga. Chini ya hapo hawakupiga, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna la kutafuta huko.

Ripoti ikasema kuna uvimbe, chanzo hakijulikani, huenda ni kansa ya tezi za tumboni, huenda ni kitu kingine. Daktari wa upasuaji wa Nyeri aliisoma, akaniambia hatuwezi kukisia. Alhamisi, yaani kesho, ningelazwa ili nidungwe sindano ndefu kupitia tumboni, watoe kipande kidogo kikapimwe. Tezi zina dawa zake, akasema, na kitu kingine kina dawa zake, na hatuanzi mpaka tujue. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Yeye ni mwanaume, na chumba kilikuwa na sisi wawili. Lakini nilishakuwa mtu ambaye chanzo chake hakijulikani, na ilionekana kama aibu mpya kuanza kusema sasa, baada ya mashine mbili.

Asubuhi ya leo Wangari akanipigia simu. Alikuwa ameomba zile picha, akazitia kwenye kompyuta ya kliniki, na alikuwa amezikalia tangu alfajiri. "Anko, kuja uone kitu. Na usikuje ukikimbia, barabara iko na utelezi."

Nilipofika alikuwa amevaa koti juu ya koti la kazi, na chai yake imepoa pembeni. Hakunisalimu kwa kiboko wala utani. Alivuta kiti kingine karibu na chake.

Zile picha ni vipande. Ni kama mtu amekatwa vipande vyembamba kutoka juu hadi chini, kama mkate wa mjini, na wewe unapita kipande baada ya kipande kwa kuzungusha kidole. Alinionyesha uvimbe. Kisha akaniambia ripoti haina makosa, ila yeye kuna kitu kinamkera. Kila kitu mwilini kinapata damu kutoka mahali, na damu hiyo inarudi mahali. Ukitaka kujua kitu kigeni kimetoka wapi, fuata mshipa wake.

Akaweka mshale wa kompyuta kwenye nukta nyeupe pembeni mwa uvimbe. "Angalia hapa, usiondoe macho." Akaanza kupanda. Kipande, kipande, kipande. Ile nukta haikupotea. Ilipanda mbele ya msuli wa mgongo, ikakwepa utumbo, ikapanda tena. Nilikuwa nimeinama mpaka pua inakaribia kioo. Sikukumbuka kwamba ni tumbo langu. Nilikuwa naufuatilia mshipa ule kama mtu anayefuatilia ng'ombe aliyetoroka, nikitaka tu kujua utaingia boma gani.

Uliingia kwenye mshipa wa figo ya kushoto.

Wangari akaondoa mkono. "Hii kitu imetoka mahali pengine, si kwa tezi," akasema polepole. "Tezi haina mshipa ya kwenda kwa figo hivi. Kwa mwanamke ningesema ni ovari. Kwa mwanaume mshipa kama hii ni ya…"

Akachukua chai yake iliyopoa, akairudisha.

Nilimtazama. Alikuwa akitazama meza. Alijua neno, analiandika kila siku kwenye ripoti za watu, amewapima wanaume wa Nyeri nzima bila kupepesa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wake, na mtoto wake mkubwa, na hakuweza. Nami nilikuwa kijana wake na sikuweza. Tukakaa hapo, wataalamu wawili wa skani wenye akili timamu, kila mmoja na nusu ya jibu mdomoni, na kesho sindano inaningoja.

Nilifikiria jambo moja tu. Nilifikiria kwamba kama hajui, kesho watadunga kitu ambacho mimi nakijua, ili wapate jibu nililonalo. Na wakikosea jibu, watanipa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Nikasema. Nilisema nikitazama ule mshipa kwenye kioo. "Maitu, upande ya kushoto hakuna kitu. Tangu nizaliwe. Ilibaki ndani."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Asante kuniambia." Akainuka, akanigusa bega, akatoka nje.

Nililia, Shajara. Si sana. Machozi ya mtu aliyeshikilia mshipi kwa wiki mbili.

Aliyeingia ni mwenzake wa kiume, Muriithi, mtu wa Karatina, mpole. Wangari alikuwa amemwambia kila kitu mlangoni na yeye hakunifanya nirudie. Akafunga pazia. Safari hii nilivua. Akapima kulia, akasema hii iko vizuri kabisa. Akapima kushoto, mfuko mtupu. Kisha akapanda kwenye kinena, akatafuta ile kamba inayobeba mishipa ya korodani ikishuka kutoka tumboni. Alitafuta kwa muda. Akageuza kioo ili nione. Kulia kamba ilikuwepo, nene, damu inapita. Kushoto hakukuwa na kamba. Palikuwa na mafuta na ukimya, basi.

Hapo nilimuuliza maswali mpaka akaweka kifaa chini. Nilijua kwa wanyama, nilitaka kusikia kwa watu, na ni yale yale. Mtoto akiwa tumboni, korodani haianzii chini. Inaanzia juu, jirani na figo. Halafu inaanza kushuka polepole, ikiburuta mishipa yake nyuma. Ndiyo maana mtu mzima ana mshipa mrefu hivyo usio na maana, kutoka chini kabisa hadi kwenye figo. Ni njia iliyopitwa. Yangu ilianza safari, ikapita nusu, ikakaa. Ikakaa humo ndani kwenye joto miaka thelathini na minane, mpaka sehemu yake moja ikaharibika. Mshipa ndio ulioisema.

Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa amani, lakini lilinipa. Kitu kile si mgeni. Hakikutoka nje wala hakikutumwa na mtu, kama shangazi mmoja alivyoanza kunong'ona. Ni changu, na kilichelewa njiani.

Wangari alishampigia daktari wa upasuaji. Tuliongea kwa simu, mimi nikiwa nimesimama kwenye ukumbi wa kliniki. Hakunikaripia, na nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Alisema hii inabadilisha kila kitu. Sindano imefutwa. Uvimbe wa korodani haudungwi-dungwi bila sababu, unatolewa mzima na mshipa wake. Aliangalia tena zile picha wakati tunaongea, nikamsikia akipumua, akasema tezi zilizo kando ya mshipa mkubwa wa mgongo hazijavimba, mapafu yako safi. Akataka damu ipimwe leo leo kabla ya kisu, kwa sababu kansa ya namna hii huacha alama zake kwenye damu, na alama hizo ndizo tutakazozitazama zikishuka baadaye. Nilimuuliza kama nitapona. Akasema za aina hii, zikiwahiwa, wengi hupona, ila jina lake kamili tutalijua baada ya maabara kuikata na kuitazama. Aliongea kama mimi ninavyoongea na mwenye ng'ombe, bila kuahidi na bila kutisha. Nilimwamini.

Kitanda cha kesho kipo pale pale. Ijumaa ndiyo operesheni.

Nilitoa damu nikarudi Gatitu. Na sikuja kwangu moja kwa moja. Nilipita kwa mama.

Sikupanga. Lakini nilikuwa nimeshamwambia Wangari mmoja, na ilionekana vibaya Wangari mwenyewe aipate kwa watu. Mama ana miaka sabini na tano. Nilimkuta jikoni kwake akimenya viazi, kitambaa kichwani, miguu karibu na moto. Aliniambia nikae, akanisukumia sufuria ya chai. Anajua nina uvimbe, familia nzima inajua. Kilichobaki ni kumwambia uvimbe wa nini.

Nilizunguka sana. Nilianza na mashine, kama nilivyofanya hapa. Nikaeleza duara, dawa ya joto, vipande vya mkate, mshipa unaopanda. Mama alimenya viazi akiitikia. Nilipofika kwenye figo nilikwama, nikasema tu kwamba kuna kitu kilipaswa kushuka nikiwa mtoto na hakikushuka.

Mama hakuacha kumenya. "Najua," akasema. "Si mimi nilikuwa nakuosha?"

Nikaweka chai chini.

Akaniambia yote, taratibu, akitazama kisu. Alijua tangu nikiwa mchanga. Alimuuliza nesi wa kliniki ya watoto, nesi akasema angoje mwaka. Akangoja. Mwaka ukaisha, nikawa natembea, akamwambia baba, baba akasema mambo ya kijana yataonwa na wanaume. Akangoja tena. Nilipokwenda kutahiriwa alifurahi mara mbili, kwa sababu alijua sasa hospitali itaona, mlezi ataona, baba ataambiwa. "Wewe ukakuwa mtu ya wanaume. Singeingia kwa hiyo nyumba yako. Nikafikiria waliitengeneza."

Waliitengeneza! Na mlezi aliniambia nisiwaambie wanawake. Na baba, nadhani, alingoja mlezi amwambie. Na mimi nilingoja ishuke. Hakuna aliyetaka kunidhuru hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na hakika mwingine analishughulikia, na kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake.

Ninaandika hili hapa, wazi, nikijua wajomba watasoma na simu zitaanza. Wacha zianze. Kama una mtoto wa kiume, mtazame akiwa bado wa kuogeshwa, na kama moja haipo, usingoje kibanda. Ni operesheni ndogo kwa mtoto. Na wewe mwenzangu uliyekomaa na uko na moja, na umefunga faili kama mimi, nenda upigwe skani, na uwaambie. Mwambie hata huyo ambaye huwezi kumwambia. Mashine inaona kijivu tu, haijui historia yako.

Nimejiuliza kama nina hasira na mama. Nimeitafuta hasira hiyo na sijaipata. Nimepata huzuni, hasa nikimfikiria akiona mlango wa kile kibanda kutoka jikoni kwake, na hilo swali mdomoni.

Viazi vilipoisha aliosha mikono, akajifuta, akanitazama usoni. Akauliza, "Inauma?"

Tangu nitahiriwe mama hajawahi kuniuliza kitu kuhusu mwili wangu. Kichwa, ndiyo, homa, ndiyo. Si hivi. Nikamwambia ndiyo mama, inauma, usiku zaidi.

Akasema kesho atakuja hospitali, Wangari atampitia asubuhi. Ameniambia nisijali, anajua heshima, atakaa kwenye benchi nje ya mlango.

Nimemwambia aingie.